Walioitikia Amin

"Atarudi na mafua." Ndivyo alivyosema mjomba wangu barazani kwake Ujiji, siku niliyokwenda kumuaga, na waliokuwapo wakacheka kwa adabu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amenunua kahawa. "Mafua na picha za theluji. Huyu hajawahi kumaliza kitu."

Huyo alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Mtanzania mwenzangu niliyepanga naye Newburg, upande wa kusini mashariki wa Louisville, kijana wa kutunza wazee aliyeamini kwamba kila elimu duniani inaishia kwenye kupima presha. Aliposikia najifunza Kitamil aliweka kijiko chini. "Kaka, Kitamil? Utakula Kitamil?"

Wa tatu alikuwa msimamizi wetu kwenye ghala, Mkongomani wa Kivu, mtu mwenye kifua kikubwa na sauti ya kwaya. "Donc wewe Mutanzania, unapita bahari yote, unafika Amerika, njo unaenda kujifunza luga ya Bahindi? Bon. Siku ile luga itakupatia kazi, mi mwenyewe nitakubebea valizi." Valizi kwao ni sanduku la safari.

Wa nne alikuwa sheikh wetu, Mswahili wa pwani mwenye kofia ya kiua na shingo ya mtu asiyegeuka akiitwa. "Mwislamu akitaka lugha, ajifunze Kiarabu," aliniambia. "Hiyo yako ni ya watu wa masanamu. Hutaiweza, na ukiiweza haitakufaa."

Nimeyaandika kama yalivyosemwa. Leo stashahada yangu iko ukutani, ndani ya kioo, na makochi nimeyapanga mwenyewe, kiasi kwamba mgeni akikaa popote inamtazama.

Louisville nilifika kwa bahati nasibu ya viza, sikubebwa na mtu. Niliajiriwa kwenye ghala la South End, kupanga maboksi juu ya mapaleti na kuyazungushia plastiki. Wenzangu wengi walikuwa Wakongomani waliopitia kambini, na sikatai, walifanya kazi kweli. Lakini mashine ya plastiki nayo ilifanya kazi kweli. Wakati wa chakula mazungumzo yalikuwa gari la nani limekufa, bili ya nani imepanda, mchungaji gani amemnunia mwenzake. Nilikaa nao kwa sababu meza ilikuwa moja.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2014. Nilitoka kazini moja kwa moja nikaingia msikitini kabla ya futari, na karibu na rafu ya viatu alikuwa amekaa mzee mweusi, mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizolala. Alikuwa amefunga kikoi kiunoni vilevile kama wazee wa kwetu, juu amevaa koti la baridi ingawa ilikuwa kiangazi. Alikuwa anasoma kitabu kidogo kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nikachungulia. Nikaona herufi zenye nukta ambazo Mwarabu hana, nukta za ziada kama zile alizonifundisha bibi yangu nilipokuwa mdogo, maana bibi aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu mpaka alipokufa. Kabla sijajizuia nikasoma mstari mzima kwa sauti. Sikuelewa hata neno moja.

Mzee akafunga kitabu juu ya kidole chake. "Nani alikufundisha herufi hii?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Bibi yangu. Sisi tunaandika Kiswahili hivyo."

"Mama yangu aliandika Kitamil hivyo." Akanipa ukurasa mwingine, nikausoma. Akanipa mwingine. Kisha akasema maneno ambayo nayatunza. "Maprofesa wa Kitamil wamekishika kitabu hiki juu chini. Waarabu wamekisoma wakaniambia nimekosea Kiarabu. Wewe umekisoma kama mtu wa mtaani kwetu, ila hujui kimesema nini. Hilo la pili linatibika."

Alikuwa mgeni pale, amekuja kumtembelea rafiki. Aliishi Columbus kwa mwanawe. Wakati wa kuondoka alinieleza nyumba ilipo na kuongeza, "Njoo Jumamosi. Usipokuja nitajua uko kama wengine."

Nilikwenda. Nilikwenda Jumamosi ile na Jumamosi nyingi zilizofuata, napita Cincinnati na mto wake asubuhi, narudi jioni. Mwanawe, mtu wa bima, alikuwa amemtengea gereji: vitabu ukutani, zulia kwenye saruji, hita ya umeme miguuni. Magari mawili ya familia yalilala nje kwenye theluji kwa ajili ya Kitamil, na hilo ndilo jambo pekee la heshima ninalolijua juu ya yule mwana.

Mzee hakuniruhusu kalamu. "Mkono ukishajua, kichwa kinalala," alisema. Alitamka ubeti, nami nikarudia. Nikikosea l, maana Kitamil kina l zaidi ya moja na mojawapo inamtaka mtu akunje ulimi kama jani la sambusa, alifumba macho mpaka nipatie. Mke wake ndiye aliyekuwa akituletea chai yenye tangawizi. Hakuwa msemaji. Siku moja alisimama mlangoni na sinia, akanisikiliza nikihangaika, akaitamka ile l mara moja tu, taratibu, kisha akaweka chai na kuondoka. Tangu siku ile sijaikosea. Nilipokwisha kuhifadhi ndipo mzee alinionyesha maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa zile za Kitamil zilizoviringana. Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye chuo cha Kur'ani utotoni, na hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi Ujiji. Watu wa vyuo vya Marekani wakisikia hivyo hutabasamu. Waache watabasamu. Waliofundishwa kwa kalamu na vishikwambi niliwakuta baadaye Buffalo, wakishindwa kuagiza chai kwa lugha waliyoisomea miaka.

Kazini nilirudia beti huku nikipanga maboksi. Msimamizi alisimama nyuma yangu siku moja, mikono kiunoni.

"Eh, Mutanzania. Unaniloga?"

"Ningekuloga ungejua, papa," nikamjibu kwa neno lao la heshima.

"Basi loga pole pole, rori iko nangoja."

Maisha ya mzee niliyasikia vipande vipande, kati ya beti. Alizaliwa mji wa pwani ya kusini ya India, mji wa Waislamu wafanyabiashara wa vito waliosafiri kwenda Ceylon na kurudi, watoto wakiwaacha kwa mama zao. Wasichana hawakupelekwa shule. Walifundishwa herufi za Kur'ani, na kwa herufi hizohizo wakaandika mambo yao yote ya Kitamil: nyimbo, dawa za kikohozi, ugomvi. Yeye alipelekwa shule. Akaongoza mtihani wa Kitamil wa chuo chake, na mkuu wa chuo akaamuru mifuko yake ipekuliwe, kwa kuwa haikuingia akilini mwake kwamba Mwislamu angewashinda wenye lugha. Hawakukuta kitu. Hakuna aliyemwomba radhi.

Akawa mwalimu wa Kitamil. Alikusanya tenzi za Waislamu wa kwao, tenzi za kumsifu Mtume zilizotungwa kwa Kitamil cha juu kuliko wanachokijua wapekuzi wa mifuko. Waislamu wa mijini waliosema Kiurdu walimuuliza kwa nini anapoteza umri kwenye lugha ya makafiri. Wataalamu wa Kitamil walimuuliza Mwislamu anatafuta nini humo. Maktaba ziliandika vitabu vyake kwenye rafu ya Kiarabu, mahali ambapo hakuna ambaye angevifungua.

"Waliniuliza mimi ni Mwislamu au ni Mtamil," aliniambia. "Nikawauliza, na nyinyi mna pua au mna masikio?"

Columbus nako watu wa namna hiyo walikuwapo. Watamil wa jiji hilo, watu wa kompyuta wenye nyumba kubwa, walimwalika kwenye sherehe zao kama watu wanavyoalika mpiga zumari. Siku niliyompeleka mimi, mwenyekiti wao alishika kipaza sauti na kusema, "Lugha yetu ni tamu, hata Waislamu wanaipenda." Mzee alisimama, akasoma shairi la kale ambalo nusu ya ukumbi hawakulifuata, akaketi. Ndani ya gari alipiga dashibodi kwa kiganja.

"Hata!" alisema. "Maisha yangu yote nimebebeshwa hiyo hata. Hata Waislamu. Tambi, na wewe utabebeshwa." Tambi kwao ni mdogo wangu, na ndivyo alivyoniita.

Aliyosema yalikuwa kweli. Chuo kimoja cha Buffalo kilikuwa na stashahada ya lugha na ukalimani, na mwanafunzi aliruhusiwa kuchagua lugha yoyote alimradi apatikane mtahini. Nilipoomba, mama wa ofisini alinipigia simu kuhakikisha sijakosea kisanduku. Nilimwambia sijakosea. Nikakubaliwa. Kilichobaki ni ada, na mshahara wa maboksi haukutosha.

Nikawaendea wale wanne. Msomaji atauliza kwa nini hao. Kwa sababu wenye fedha walikuwa hao, na kwa sababu mtu anayekudharau hukopesha haraka. Anajua ananunua haki ya kusema. Mjomba alituma kutoka Ujiji na ujumbe wa sauti ambao aliwasikilizisha barazani kabla ya kunitumia: "Hizi nimezitupa ziwani." Mwenzangu wa Newburg alinipa huku akitikisa kichwa kama anayemwandikia mgonjwa dawa ya kutuliza. Msimamizi alitoa zamu yake ya likelemba, ule mchango wao wa kupokezana, akaniwekea mkononi mbele ya watu wa ghala lote. "Mukuwe mashahidi," alisema. "Akishindwa, atatuimbia ile luga ya Bahindi hapa kila asubui bila kulipwa." Sheikh alinipa baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu ya viatu, na akaongeza dua kwamba Mungu aniongoze nirudi kwenye lugha ya Peponi.

Kwa hiyo nilikuwa nimebeba fedha zao na midomo yao. Nikifeli, kila mmoja wao angekuwa na ruhusa ya kunisema mpaka naingia kaburini. Nikifaulu na kuwalipa, wangenyamaza. Sikutaka zaidi ya hilo: wanyamaze.

Kabla sijahamia Buffalo, mke wa mzee akafariki. Siku ya arobaini wakafanya hitima Columbus. Sheikh wetu aliposikia nakwenda alikuja mwenyewe mpaka Newburg, amejifukiza udi. "Nitakupa heshima ya kunibeba," alisema, na njia nzima alinieleza jinsi Kiarabu kilivyomwingia mpaka kwenye mifupa. Nilimjua. Alikijua Kiarabu kama nilivyokijua Kitamil siku ile ya rafu ya viatu: macho na ulimi, basi. Lakini alikuwa ananidai, kwa hiyo niliendesha kimya.

Nyumba ilijaa. Wanaume sebuleni, wa mataifa mbalimbali ya msikiti wa pale. Wanawake jikoni na chumba cha pili, ambako alikuwapo dada mkubwa wa mzee aliyekuja kutoka kwao kwa ajili ya msiba. Yule mwana wa bima, ambaye hakusoma Kiarabu wala Kitamil, alikuwa amepita nyumba nzima na gereji akikusanya kila karatasi yenye herufi za Kiarabu, asije akaacha kitu kitukufu mahali pa kukanyagwa. Akazipanga zote kwenye sinia moja la shaba, juzuu na makaratasi pamoja, akaweka kitambaa cheupe juu. Alifanya hivyo kwa moyo safi. Ujinga mwingi hufanywa kwa moyo safi.

Tukasoma juzuu zetu. Tulipomaliza, sheikh akaombwa afunge kwa dua, maana kofia yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Akatazama sinia, akaona karatasi za zamani, za rangi ya chai, zimeandikwa kwa mkono wa kike wenye mapambo. Zilimvutia. Akazichukua, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya kuvuta, puani na kooni, akisimama kila mwisho wa mstari.

Na watu wakaitikia, "Amin."

Nilisikia mstari wa kwanza nikadhani masikio yangu yamepotea. Mstari wa pili ukaja, nami nikauelewa. Sikuutafsiri, niliuelewa kama ninavyomwelewa mtu anayeniita kwa jina. Ulisema: miguu ya bwana harusi ni miguu ya korongo aliyekosa samaki.

"Amin."

Pua yake imefika mlangoni, yeye mwenyewe bado yuko sokoni.

"Amin."

Mama yake anapima mchele kwa kifuu cha nazi, na kifuu chenyewe kimetoboka.

"Amin, ya Rabbi," alisema mzee mmoja karibu yangu, machozi yanamtoka.

Kamba! Leteni kamba tumfunge, upepo wa pwani utampeperusha.

"Amin."

Ulikuwa wimbo wa harusi. Kule kwao, kama kwetu, wanawake wa upande wa bi harusi humtukana bwana harusi siku anapokuja kumchukua mke, na mama wa marehemu alikuwa ameyaandika matusi yote kwa mkono wake ili yasisahaulike. Bwana harusi mwenye miguu ya korongo alikuwa mwalimu wangu.

Nikafungua mdomo. Mzee, aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu, akanishika goti kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Usimkatize," alininong'oneza kwa Kitamil. "Anasoma vizuri kuliko shangazi za marehemu."

Wakati huohuo jikoni kitu kikaanguka, sufuria au kifuniko, na sauti ya kicheko cha mwanamke mzee ikatoka, kikazibwa kwa nguo, kikatoka tena. Ni yule dada mtu. Alikuwa amemsikia mwanamume wa Kiafrika, kwa makamasi ya dua, akitangaza pua ya kaka yake mbele ya umma wa Kiislamu wa Columbus. Wanaume wakatazamana. Sheikh akadhani ni kilio. Akazidi kuvuta sauti, akamaliza kifuu cha nazi kwa mara ya pili, akajipangusa uso kwa viganja.

Mzee alikuwa analia na kucheka pamoja, ndevu zimelowa. Baadaye gerejini, karatasi zikiwa zimerudi mikononi mwake, aliniambia, "Tangu nimezika sijausikia. Mwanangu asingeweza kuusoma. Mjinga yule amenisomea." Kisha akanitazama. "Na wewe uliuelewa. Nilikuona ukianza kucheka kwenye korongo, kabla ya wote. Tambi, nenda Buffalo. Huna unachongoja."

Njiani kurudi, sheikh aliniambia biriani ilikuwa na chumvi nyingi, lakini dua ilipokelewa, alihisi. Nikamwambia hata mimi nilihisi.

Buffalo ni mji wa baridi na watu wasioringa. Nilipata chumba, nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee, na bahati haikuniacha: yule mzee naye alihamia kwa binti yake Kenmore, kijiji cha jirani kabisa upande wa kaskazini, mwana wa bima alipobadilisha kazi. Wakongomani niliwakuta huko pia. Wakaniuliza kanisa gani nasali. Nikawaambia nasoma, wakanihurumia.

Chuo kilikaa muda mrefu kikitafuta mtahini, na alipopatikana alikuwa profesa mgeni kutoka jimbo jingine, Mtamil wa ukoo wa wasomi, koti la sufu, miwani ya kamba. Waliokaa naye mezani walikuwa walimu wa chuo wasiojua Kitamil, kazi yao ilikuwa kumtazama yeye wajue wafanye uso gani.

"Nani alikufundisha?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Mwislamu mmoja wa pwani."

"Ah." Akatabasamu kwa wenzake. "Basi tutasikia Kitamil cha sokoni. Inashangaza, hata hivyo. Hata Mwafrika."

Niliisikia. Hata. Ilinifikia kama mzigo aliouahidi mzee, na nikajisikia mrefu kwa kubebeshwa.

Akanisukumia ukurasa wa shairi la kale sana, mwanamke anazungumza na shoga yake juu ya mume aliyeahidi kurudi kabla ya mvua. Nilisoma mistari miwili, kisha nikaugeuza ukurasa kifudifudi na kuendelea bila kuutazama, mpaka mwisho wa shairi na kuingia shairi linalofuata, ambalo hakunipa. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Kukariri si kuelewa," alisema, safari hii kwa Kitamil. "Mwanamke huyu anamwambia nani?"

Nilijua mtego ulipo. Walioshika vitabu tu wangejibu: shoga yake, imeandikwa. "Anamtazama shoga yake," nikamjibu kwa Kitamil, "lakini anasema na mume. Mume amesimama nje ya ua, amerudi amechelewa, anaogopa kuingia. Mwanamke anajua yupo. Anataka asikie."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Kuna waliolieleza vitabuni, na mwalimu wangu alinisomesha. Lakini nililijua kabla. Kwetu Ujiji mwanamke aliyekasirika hamtukani jirani. Anamtukana kuku wake, jirani akiwa dirishani. Au ananunua kanga yenye maneno na kupita nayo. Shairi lako hili mama yangu angelielewa kabla hujavaa miwani."

Wale walimu wakamtazama wajue wafanye uso gani. Hakuwapa uso wowote. Aliuliza mengine, magumu, na nikajibu. Moja nilibishana naye mpaka mwalimu wa kike aliyeketi katikati akasogeza glasi ya maji. Mwishoni hakusema hongera. Alitoa kalamu akasaini. Mimi sikuhitaji hongera yake. Nilihitaji saini.

Nje, kwenye korido, mzee alikuwa ananisubiri kwenye benchi, kikoi chake kimetokeza chini ya koti kubwa la binti yake. Profesa alipotoka, nikawatambulisha. Profesa akasema kwa Kitamil maneno mawili matatu ya heshima, yale mazuri ya vitabuni. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akainua kichwa.

"Vizuri sana," alimjibu. "Hata wewe unakijua."

Kitamil na Kiswahili vikanipa kazi ya ukalimani wa simu kwa hospitali, kazi ya kuketi, ya vifaa vya masikioni na mlango uliofungwa. Vikongwe vya Kitamil vilivyoletwa Marekani na watoto wa kompyuta vilinisikia upande wa pili vikauliza mimi ni mtoto wa nani wa pwani, maana nilisema kama wa pale. Niliwaambia ni wa mbali kidogo. Kazi ile haikujali mtu amekaa wapi alimradi simu ishike, na ndiyo iliyonirejesha kwetu nikiwa na mshahara wangu mkononi.

Lakini kwanza nilirudi Louisville, siku moja, kwa gari, na valizi kubwa nyuma, stashahada ndani yake katikati ya mashuka. Asubuhi nilikuwa nimekwisha kumtumia mjomba fedha zake kwa simu, pamoja na ujumbe wa sauti: "Hizi nimezivua ziwani." Najua hakuwasikilizisha barazani.

Newburg, mwenzangu alifungua mlango na sare yake ya kazi. Alizipokea fedha zake, akazitazama, akauliza kwa sauti ndogo kama ile kazi ya simu wanaajiri. Nikamwambia wanaajiri, lakini lazima uwe na lugha. Sheikh nilimlipa baada ya sala, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye rafu ya viatu. "Umerudi kwenye Kiarabu?" aliniuliza. Nikamwambia bado natumia ile dua yake ya Columbus. Akafurahi sana.

Wa mwisho alikuwa msimamizi. Nilimkuta uwanja wa ghala wakati wa chakula, wote wapo mezani. Nikamlipa mbele ya mashahidi walewale. Alihesabu, akaangalia juu, akahesabu tena.

"Donc ni kweli. Ile luga imekupatia kazi."

"Imenipa, papa. Na kesho narudi kwetu."

Akaziweka fedha mfukoni. Wenzake wakaanza kumcheka, mmoja akapiga meza. "Chef, valizi! Ulisema utabeba valizi!"

Nikafungua buti ya gari. Aliitoa ile valizi, nzito, akazunguka nayo uwanja mzima mbele ya marori, jasho linamtoka, akairudisha na kuisukuma ndani kwa tumbo. Kisha akasimama, akavua kofia, uso umebadilika.

"Bon. Mbele uende, tuombee kidogo na ile luga yako. Safari iko mrefu."

Meza nzima ikasimama, wakainamisha vichwa. Nikaanza, polepole, kwa sauti ya kuvuta: miguu ya bwana harusi ni miguu ya korongo aliyekosa samaki.

"Amen," akaitikia kwa moyo wote, na kifua chake chote, na wenzake nyuma yake.

Nikaendelea mpaka kwenye kamba, nikafunga buti, nikawasha gari.